Maswali ya Kitalu: Mbegu Zilizolala na Homoni Zinazoziamsha

Toleo hili tumelitenga kwa barua za mbegu: zinazogoma kuota, na zile zinazoota mahali pasipotakiwa. Karibu majibu yote yanazunguka homoni mbili, kwa hiyo tuzitaje mapema. Asidi ya absisiki, ambayo wataalamu huiandika ABA kwa kifupi, hukilaza kiinitete, yaani mche mchanga ulio ndani ya mbegu. Jibarelini, inayoandikwa GA, hukiamsha. Kinachoamua mbegu iote au ilale ni ipi kati ya hizo imeizidi mwenzake nguvu siku hiyo, na maji, joto, mwanga na umri wa mbegu ndivyo vinavyoinamisha mizani.

Nilitoa mbegu 200 kwenye mapapai mazuri, nikazianika juu ya bati siku nne, nikapanda kwenye viriba. Hii ni wiki ya sita na imeota miche 11 tu. Jirani anasema mbegu zimekufa, ninunue nyingine. Je, ni kweli? – Msomaji, Mkuranga

Ndugu msomaji, usimwage viriba bado. Chimbua mbegu kumi ambazo hazijaota, uzikate katikati kwa wembe. Ukikuta ndani ni nyeupe na ngumu kiasi, mbegu iko hai, imelala. Ukikuta rangi ya kahawia, majimaji yenye harufu, au uwazi mtupu, hiyo imekufa. Kama nyeupe ni sita au zaidi kati ya kumi, inafaa kuziokoa.

Kwa maelezo yako, mambo mawili yameziweka hapo. La kwanza ni ule utando wa utelezi unaoizunguka kila mbegu ya papai kama kifuko. Ndani yake mna kemikali za jamii ya fenoli zinazozuia kuota. Kwa mpapai hilo ni jambo la maana, kwa sababu bila kizuizi mbegu ingeota ndani ya tunda lenyewe, penye maji tele. Ukiikausha mbegu na utando wake, kizuizi kinagandia kwenye ganda na kwenda nayo shambani. La pili ni bati. Mbegu ya papai haipendi kukaushwa kupita kiasi. Ikikauka mno huzama kwenye usingizi mzito kuliko iliokuwa nao mwanzo. Wengi hudhani jua kali linaihifadhi, kumbe kwa papai linaitia usingizi.

Msimu ujao fanya hivi. Chukua mbegu za tunda lililoiva kabisa, zitie kwenye ndoo na maji kidogo, uziache siku 2 hadi 3 zichachuke. Zisugue kwa mchanga laini au majivu juu ya chujio mpaka utando wote utoke na ubaki na ganda jeusi lenye mikunjo. Suuza mara kadhaa. Zinazoelea baada ya utando kutoka mara nyingi ni tupu, zitupe. Zilizozama zitandaze kivulini juu ya gazeti kwa siku 2 au 3, basi. Kabla ya kupanda, ziloweke saa 24 kwenye maji yenye miligramu 200 za asidi ya jibareliki, ambayo ni aina ya jibarelini, kwa lita. Kwenye pakiti huandikwa GA3. Panda kina cha sentimita 1, udongo uwe na joto la nyuzi 25 hadi 30. Zitaanza kuchomoza kati ya wiki ya pili na ya nne.

Usipoipata GA3, loweka kwa maji matupu saa hizo hizo 24 ukiyabadilisha asubuhi na jioni, maana hayo maji ndiyo yanayoondoa masalia ya kizuizi. Zitaota, ila kwa kupishana na kwa kuchelewa.

Zilizobaki kwenye viriba chimbua, suuza, loweka kama hapo juu, panda upya. Ni kazi ya asubuhi moja na ni nafuu kuliko pakiti mpya ya mbegu chotara.

Umeuliza pia mwishoni mwa barua GA3 inafanya nini hasa ndani ya mbegu. Haikisukumi kiinitete, inaondoa breki. Ndani ya seli mna protini ziitwazo DELLA zinazozuia ukuaji. Jibarelini hujishika kwenye kipokezi chake, ambacho watafiti wa Japani walikitambua kwenye mpunga mwaka 2005, na vikishashikana, DELLA huvunjwavunjwa. Breki ikiachia, mbegu hutengeneza vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali, vinavyolainisha tabaka lililo mbele ya ncha ya mzizi, na mzizi unapenya. ABA kazi yake ni kuliacha tabaka hilo likiwa gumu.

Nilitia kijiko kimoja cha chai cha unga wa GA3 kwenye lita moja ya maji, nikaloweka mbegu za pilipili hoho. Ziliota haraka sana, lakini miche ni mirefu kama uzi, ya njano, inalala chini. Nimeuziwa dawa feki? – Msomaji, Iringa

Dada yetu, dawa ni halisi na imefanya kazi kupita kiasi. Kijiko cha chai cha unga ni gramu kadhaa. Wewe ulihitaji sehemu mbili za kumi za gramu moja. Umeipa mbegu zaidi ya mara kumi ya kipimo.

Hali ya miche yako ndiyo iliyoifichua homoni hii duniani. Wakulima wa mpunga wa Japani walikuwa na ugonjwa waliouita bakanae, yaani mche mpumbavu: mpunga unarefuka ghafla, unapauka, unaanguka kabla ya kuzaa. Mwaka 1926 Eiichi Kurosawa, akifanya kazi Taiwan, alionyesha kwamba majimaji ya kuvu aliyoichuja, yasiyo na kuvu yenyewe, yanatosha kuleta dalili hizo. Mwaka 1935 Teijiro Yabuta akaipa kemikali hiyo jina la jibarelini, kutokana na jina la kuvu ile. Baadaye ikajulikana kwamba mimea hujitengenezea yenyewe, kwa kiasi kidogo mno.

Sasa hesabu. Soma lebo kwanza: unga mwingine una asilimia 90 ya kiambata hai, mwingine asilimia 10 au 20 tu, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Kwa unga wa asilimia 90, gramu 1 kwenye lita 5 za maji inakupa takriban miligramu 180 kwa lita, na hiyo inatosha kwa pilipili na papai pia. Kwa unga wa asilimia 10, lita hizo hizo 5 zinahitaji gramu 9 hadi 10. Bila mizani, nunua pakiti iliyopimwa gramu 1 na uitumie yote kwa mara moja; kijiko hakifai.

GA3 huyeyuka kwa shida kwenye maji. Itie kwanza kwenye spiriti kidogo, vijiko viwili vya chai vinatosha kwa gramu 1, koroga hadi isionekane, kisha mimina kwenye maji ya baridi huku ukikoroga. Usitumie maji ya moto wala kuchanganya na majivu au chokaa, kwa sababu joto na magadi huiharibu. Tengeneza siku ile ile ya kuloweka. Vaa glavu na weka pakiti mbali na watoto.

Miche iliyokwisha kurefuka haitarudi. Iliyo na shina lenye nguvu kidogo ihamishie kwenye mwanga wa kutosha na punguza maji. Iliyolala chini ing'oe, upande upya.

Saladi yangu haioti kuanzia Januari mpaka Machi. Mwezi wa Julai mbegu za pakiti ile ile zinaota zote. Namwagilia mara tatu kwa siku. – Msomaji, Tanga

Mzee wetu, shikamoo. Hapa mkosaji ni joto la udongo. Mbegu ya saladi ikinyonya maji kwenye udongo uliopita nyuzi 28 hadi 30, inaendelea kutengeneza ABA badala ya kuipunguza, na jibarelini haipandi. Tabaka jembamba linalokizunguka kiinitete linabaki gumu, mzizi haupenyi. Kumwagilia zaidi kunaongeza tatizo: mbegu inayokaa mbichi kwenye joto kwa siku kadhaa huingia usingizi wa pili, na huo hauondoki hata ukipata siku mbili za ubaridi.

Saa 24 za kwanza baada ya mbegu kulowa ndizo zinazoamua. Zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu usiodondosha maji, weka sehemu ya chini ya friji, kamwe si kwenye barafu, kwa siku 1 hadi 2. Zipande jioni jua likishashuka, si asubuhi. Zifunike kwa udongo mwembamba usiozidi milimita 3 na weka kivuli cha makuti au wavu juu ya tuta mpaka zichomoze.

Tunasisitiza udongo mwembamba kwa sababu saladi nyingi zinahitaji mwanga ili kuota. Mwaka 1952, kule Beltsville, Maryland, Marekani, kundi la Borthwick na Hendricks lilimulika mbegu za saladi kwa mwanga mwekundu na ule mwekundu wa mbali, ambao macho huuona kwa shida, kwa kupokezana. Mwanga wa mwisho ndio ulioamua: ukiwa mwekundu zinaota, ukiwa mwekundu wa mbali zinalala. Leo tunajua mwanga mwekundu huichochea mbegu itengeneze jibarelini. Majani mabichi hunyonya mwekundu na kupitisha ule wa mbali, ndiyo maana mbegu iliyoanguka chini ya magugu mazito hungoja hadi upalilie. Hata hivyo, kwa Tanga ya Februari, shughulikia joto kwanza.

Kimea changu cha ulezi zamani kilikuwa kinalegeza uji wa mtoto ndani ya muda mfupi. Siku hizi uji unabaki mzito. Nimebadilisha nini bila kujua? – Mama msomaji, Moshi

Mama, kazi ya kimea ni vimeng'enya vinavyokata wanga, na homoni ina mkono hapo. Kwenye shayiri, kiinitete kikishanywa maji hutoa jibarelini, na homoni hiyo huliamuru tabaka la nje la punje litoe kimeng'enya cha amilesi kiyeyushe wanga kuwa sukari ya kulishia mche. Mwaka 1960 Paleg wa Australia na Yomo wa Japani, kila mmoja kivyake, walionyesha kwamba punje ya shayiri iliyokatwa kiinitete haiyeyushi wanga, lakini ukiipa jibarelini inaanza. Mtama una njia yake: kimeng'enya hicho hutoka zaidi kwenye kiinitete chenyewe. Kwa vyovyote, punje isiyoota haina kimea.

Kwa hiyo angalia ulezi kwanza. Hesabu punje 100, zioteshe kwenye kitambaa chenye unyevu. Zikiota chini ya 80, tafuta ulezi mwingine. Huenda ni wa zamani au ulikaushwa kwa moto. Kama umevunwa juzi tu, huenda bado umelala, uache mwezi mmoja au miwili. Loweka saa 12 hadi 24 ukibadilisha maji, chuja, tandaza kwenye gunia lenye unyevu ulifunike, geuza mara mbili kwa siku, otesha siku 2 hadi 3. Anika juani, usikaange: moto kwenye punje mbichi huua kimeng'enya. Ukiona ukungu au harufu ya uvundo, tupa chote bila huruma. Ukitumia mtama badala ya ulezi, sugua vimizizi na vichipukizi vyote uvipepete, kwa sababu ndani yake mna kemikali inayotoa sayanidi.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni la jikoni. Mtu anatia kimea kwenye uji unaotokota, kimeng'enya kinakufa papo hapo. Upike uji mzito kwanza, uepue, usubiri upoe mpaka uwe vuguvugu unaovumilika mkononi. Tia kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea kwa kikombe, koroga, subiri dakika 10 hadi uteleze. Kisha urudishe jikoni uchemke tena kabla ya kumpa mtoto, kwa usalama wake.

Karanga zangu ziliota zikiwa bado ardhini, mvua iliponyesha kabla hatujavuna. – Msomaji, Tabora

Karanga fupi za muda mfupi, za aina ya Kispanishi, hazina usingizi wowote wa maana. Zikikomaa na zikapata maji, zinaota. Zile ndefu zinazotambaa, za aina ya Virginia, hulala kwa wiki kadhaa hata miezi. Ng'oa mashina machache kila siku mbili. Ukiona maganda 7 kati ya 10 yameweka weusi kwa ndani, vuna yote usingoje majani yakauke. Homoni inayoamsha karanga zaidi ni ethilini, gesi ile ile inayoivisha ndizi, kwa hiyo usihifadhi karanga za mbegu chumba kimoja na ndizi zinazoivishwa.

Kiduha, ambacho huku kwetu Waluo huita kayongo, kinamaliza mahindi. Nang'oa kila msimu, msimu unaofuata kimerudi. Mbegu zake zinajuaje kwamba nimepanda mahindi? – Msomaji, Siaya

Ndugu mkulima, swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Mbegu ya kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, ni kama vumbi, takriban milimita 0.3, haina akiba ya chakula. Ikiota mbali na mzizi wa mahindi inakufa ndani ya siku chache. Kwa hiyo inangoja. Baada ya kukaa kwenye unyevu na joto wiki moja au mbili inakuwa tayari, lakini haioti mpaka ihisi strigolaktoni, homoni inayotolewa na mizizi ya mahindi, mtama na mimea mingine. Kiasi kidogo mno kinaitosha. Ya kwanza ya kundi hilo, strigoli, ilitolewa kwenye mizizi ya pamba na kutangazwa mwaka 1966.

Kwa nini mahindi yatoe ishara inayoita adui? Kwa sababu hayamwiti yeye. Mwaka 2005 watafiti wa Japani walionyesha kwamba strigolaktoni huita kuvu rafiki wanaoishi mizizini na kuuletea mmea fosforasi. Udongo ukiwa na njaa ya fosforasi, mzizi unaita kwa sauti kubwa zaidi, na kiduha kinasikia. Ndiyo maana kinastawi kwenye shamba lililochoka.

Kung'oa peke yake hakutoshi kwa sababu kiduha kinapochomoza kimekwisha kunyonya mahindi kwa wiki kadhaa, na udongoni kuna mbegu zinazoweza kukaa zaidi ya miaka 10. Lakini endelea kung'oa kabla hakijatoa maua, maana mmea mmoja huacha makumi ya maelfu ya mbegu. Usimlishe ng'ombe kiduha kilichokomaa. Mbegu hupita tumboni zikiwa hai na kurudi shambani na samadi.

Kinachopunguza akiba ya mbegu udongoni ni kuziotesha pasipo na wa kumnyonya. Pamba na soya hutoa ishara ya kuota, lakini kiduha hakiwezi kuishi kwao. Panda mojawapo misimu miwili au mitatu, mmoja hautoshi. Marekani, kiduha cha aina nyingine kilipogunduliwa mwaka 1956 kwenye majimbo ya Carolina, walidunga gesi ya ethilini ardhini ili mbegu ziote zife. Kwa mkulima mdogo njia hiyo ni ghali mno.

Kwako Siaya tunapendekeza zaidi desmodi, mmea wa lishe wa jamii ya kunde, kwa njia ya sukuma-vuta (desmodi hufukuza wadudu wa mahindi, nyasi za ukingoni huwavuta) iliyokuzwa na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE pamoja na washirika wake hapo Kenya tangu miaka ya 1990. Mizizi ya desmodi hutoa kemikali zinazootesha kiduha na nyingine zinazokizuia kushika mzizi wa mahindi. Panda mahindi kwa mistari ya sentimita 75. Chukua kilo 1 ya mbegu za desmodi kwa ekari, changanya na mchanga mkavu mara mbili ya ujazo wake, miminia kwenye mfereji wa kina cha sentimita 1 katikati ya mistari. Zunguka shamba kwa nyasi za matete au brakiaria. Wengi hushindwa kwa sababu ya palizi ya kwanza: miche ya desmodi ni midogo, inafanana na magugu, watu wanaing'oa. Palilia kwa mkono wiki ya tatu na ya sita. Ikishashika, inabaki miaka na unaikata kuwa lishe. Weka pia mbolea ya fosforasi wakati wa kupanda, ili mzizi upunguze kuita.

Maswali mafupi

*Nimekata nyanya nikakuta mbegu zimeota ndani. Ni sumu?* – Nyanya ilikaa mno. Ute wa mbegu una ABA, na tunda likizeeka nguvu yake hupungua. Kama nyama haijaoza, toa vilivyoota, tumia nyanya.

*Mlusina hauoti hata kwa GA3.* – Hautaota, kwa kuwa tatizo si homoni. Ganda halipitishi maji. Mimina maji ya nyuzi 80, yaani yaliyochemka kisha yakaachwa dakika chache, acha mbegu humo dakika 3 hadi 4, mwaga, loweka maji baridi saa 12. Zilizovimba panda, zisizovimba rudia.

*Mimi ni mwanafunzi, Lamu. Kwa nini mkoko unaota ukiwa bado juu ya mti?* – Kijana wetu, kiinitete cha mkoko hakilali kabisa. Mikoko inayozaa hivi imepimwa ikakutwa na ABA kidogo kwenye viinitete kuliko jamaa zake wanaotoa mbegu za kawaida. Kinaendelea kukua kikilishwa na mama yake, hadi kinakuwa fimbo ya kijani inayoweza kufika nusu mita. Ukitaka kuipanda, chagua iliyoota shingo ya njano karibu na tunda na inayochomoka kwa kuguswa tu. Ichomeke kwenye tope wakati maji yamekupwa, theluthi yake ikizama, ncha ya kahawia ikielekea chini.